"Once" kwenye chupa ya dawa ni mara ngapi?

Katika nyumba nyingi anayesoma maandishi ya kwenye chupa ya dawa si mama wala baba. Ni mtoto wa darasa la sita au la saba, kwa sababu ndiye anayekutana na Kiingereza shuleni kila siku. Anaitwa kutoka uani, anakabidhiwa chupa, anaambiwa, "Hebu soma hapa, mdogo wako anywe mara ngapi?" Anasoma taratibu, anafika kwenye neno la herufi nne, o-n-c-e, anajibu, "Mara moja, mama." Mama anapima, mgonjwa anakunja uso, anameza.

Mtoto huyo hajakosea. "Once" ni kielezi, na maana yake ya kwanza ndiyo hiyo, mara moja. Shida ni kwamba neno lenyewe halijitoshelezi. Mara moja katika nini? Kwa siku? Kwa wiki? Katika ugonjwa wote huu? Jibu liko kwenye neno linalofuata, na hilo linalofuata ndilo ambalo mara nyingi limefutika kwa unyevu, limefunikwa na stika ya bei, au msomaji wetu hakulifikia kwa sababu mama alishageuka na kijiko.

Chukua dawa mbili ambazo familia nyingi zenye watoto wadogo zimewahi kuzipata. Ya kwanza ni vidonge vya zinki, ambavyo mtoto anayeharisha hupewa pamoja na maji ya ORS. Maelekezo ya Shirika la Afya Duniani ni miligramu 20 mara moja kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, na miligramu 10 kwa mtoto wa chini ya miezi 6. Ya pili ni albendazoli, dawa ya minyoo. Hii ni miligramu 400 kwa mtoto wa miaka 2 na kuendelea, na nusu yake kwa wa mwaka mmoja ambaye hajafikisha miwili. Inamezwa, imekwisha, hadi ratiba nyingine miezi kadhaa mbele.

Zote mbili zinaweza kuandikiwa "once". Zote mbili zinaweza kutamkwa dirishani kwa maneno yale yale, "mara moja". Mzazi anayeichukua zinki kama dawa ya minyoo atatoa kidonge kimoja, kuhara kutapungua, na vingine vitabaki kwenye droo hadi viharibike. Anayeichukua dawa ya minyoo kama zinki atamnywesha mtoto kila siku dawa ambayo hakuna mtaalamu aliyemwandikia kwa kiasi hicho. Hakuna kati yao asiyejua kusoma. Wote wawili wamelisoma neno, wakalielewa, wakalijazia nusu iliyokosekana kwa kukisia.

Kuna "once" nyingine kwenye dawa hizo hizo ambayo haihesabu chochote. Kwenye chupa nyingi za dawa ya matone ya macho imeandikwa kwamba "once opened", itumike ndani ya siku 28. Hapo neno halina maana ya mara moja. Maana yake ni "ikishafunguliwa". Vivyo hivyo dawa ya unga ya amoksilini inayochanganywa na maji: "once mixed" ni "ikishachanganywa", na kuanzia hapo siku za uhai wake zinahesabika, 7 kwa baadhi ya aina, 14 kwa nyingine, kulingana na mtengenezaji na mahali inapotunzwa. Kiswahili kina silabi yake nzuri kwa kazi hii, ile "sha" ya "akishakula" na "ikishafika". Kiingereza kimeibebesha kazi hiyo "once" ile ile, na mtoto wa darasa la sita anayejua maana moja tu atasema dawa ya macho inafunguliwa mara moja. Atakuwa amesema jambo lisilo na maana, na mama atalipuuza. Chupa itakaa kwenye kabati hadi mwaka ujao, macho ya mtu mwingine yatakapouma.

Maana ya nne, ile ya hadithi, "hapo zamani", haiandikwi kwenye dawa. Tuiache.

Lakini kabla ya kuwacheka Waingereza, na sisi tutazame kwetu. "Mara moja" ya Kiswahili nayo ina sura mbili. "Mpe mara moja" inaweza kuwa mpe dozi moja tu, na inaweza kuwa mpe sasa hivi, usichelewe. Muuguzi anapomwambia mzazi, "Mpeleke hospitali ya wilaya mara moja," hakuna anayedhani amekatazwa kwenda mara ya pili. Muktadha unasaidia. Kwenye dawa muktadha huwa mdogo zaidi. "Akipanda homa mpe hii mara moja" ni sentensi ambayo wazazi wawili wenye akili timamu wanaweza kuondoka nayo na maana mbili. Mmoja atatoa haraka na kurudia baadaye homa ikirudi. Mwingine atatoa mara moja, kisha atakaa usiku kucha akimkanda mtoto kwa kitambaa chenye maji kwa kuwa anaamini hairuhusiwi tena.

Kwa parasetamoli ya maji ya watoto tofauti hiyo si ndogo. Dawa hiyo inaweza kurudiwa kila baada ya saa 4 hadi 6 kwa kiasi kinacholingana na uzito wa mtoto, lakini isizidi mara 4 ndani ya saa 24. Yule wa kwanza asipoambiwa kikomo anaweza kukivuka, na parasetamoli ikizidi huumiza ini. Ubaya wake ni kwamba saa za mwanzo mtoto aliyezidishiwa anaweza kuonekana hana tatizo lolote. Mzazi akigundua kwamba dozi imezidi, asikae kungoja dalili. Aende kituo cha afya na chupa yenyewe mkononi.

Historia ya "once" inaeleza kwa nini ni neno lenye kuning'inia namna hii. Waingereza wa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita walisema "an" kwa moja. Kusema "ya moja" waliongeza kitu mwishoni, ikawa "anes", kama sisi tunavyotanguliza "ya" au "cha". Umbo hilo la umiliki ndilo lililogeuka kuwa kielezi, likapita kwenye "ones", hadi likawa "once". Herufi mbili za mwisho ziliwekwa na waandishi wa baadaye ili msomaji ajue sauti ni s, si z. Kwa hiyo ukilichimba neno hadi kwenye mzizi unakuta "ya moja", na unabaki ukiuliza: ya moja ya nini?

Matamshi nayo yana hadithi yake. Linaandikwa kwa o lakini linasemwa kama lina w mbele, "wans". Sauti hiyo ilianza kama lafudhi ya magharibi mwa England mnamo karne ya 15, ikaenea hadi ikawa ya wote. Ndugu zake kama "only" na "alone", ambao nao wametoka kwenye moja, walibaki na sauti ya zamani. Ndiyo sababu mtoto anayejifunza kusoma hulitamka "onse" mara ya kwanza. Kosa lake lina mantiki kuliko tahajia yenyewe.

"Twice", mara mbili, na "thrice", mara tatu, zimejengwa kwa njia hiyo hiyo. "Thrice" imekaribia kufa katika mazungumzo ya Uingereza na Marekani, ambako watu husema tu "mara tatu" kwa maneno mawili. Katika Kiingereza cha India bado iko hai, na kwa kuwa dawa nyingi zinazouzwa Afrika Mashariki hutengenezwa India, mzazi wa Morogoro au Kisumu anaweza kukutana nayo kwenye karatasi ya ndani ya pakiti. Ikitokea, ni tatu tu, hakuna fumbo.

"Mara" yetu ilikuja na Waarabu, kutoka "marra", yenye maana ya tukio moja la kitu. Baada ya kuingia pwani ikazaa ukoo mkubwa: mara kwa mara, mara nyingi, "mara akatokea" ya wasimulizi, na "mara moja moja", ambayo haina uhusiano na moja bali ni kwa nadra. Mtu akiambiwa dawa ya kikohozi itumike mara moja moja ameruhusiwa kitu tofauti kabisa na mara moja.

Neno kusomwa vibaya linaweza kufika mbali. Mwaka 2010 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha utafiti uliofanyika Bronx, sehemu ya jiji la New York yenye wakazi wengi wanaozungumza Kihispania. Watafiti walitaka kujua maduka ya dawa ya huko yanawaandikiaje wateja hao maelekezo. Mengi yalitumia programu za kompyuta kutafsiri. Walikagua lebo 76 zilizotolewa na programu hizo, na nusu zilikuwa na makosa. Kosa mojawapo lilikuwa tafsiri isiyokamilika, sentensi ya Kihispania iliyobakiwa na maneno ya Kiingereza katikati.

Na moja ya maneno hayo ni "once". Kwa Kihispania, o-n-c-e ni neno halali kabisa, linatamkwa "onse", na maana yake ni kumi na moja. Mama wa Bronx anayesoma lebo yenye maneno ya lugha yake, akafika kwenye "once", hana sababu ya kuhisi kwamba hapo ndipo Kiingereza kimejipenyeza. Anaona 11. Watafiti walitoa tahadhari hiyo wazi: dawa ya mara moja kwa siku inaweza kueleweka kuwa ya mara kumi na moja. Kwa dawa kama matone ya madini ya chuma, ambayo mtoto mdogo akizidishiwa humdhuru vibaya, hilo si jambo la kuchekesha.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya wageni wanaohangaika na lugha isiyo yao. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2006, unamkatalia. Watu wazima 395 wanaozungumza Kiingereza, waliokutwa kwenye kliniki za majimbo matatu, walionyeshwa lebo za dawa na kuulizwa maana yake. Lebo moja iliandikwa kwa Kiingereza chepesi tu, kwamba meza vidonge viwili kwa mdomo, mara mbili kila siku. Kati ya wale wenye uwezo mdogo wa kusoma, asilimia 71 waliweza kuyarudia maelekezo hayo kwa usahihi. Kisha wakaombwa wahesabu vidonge vya siku nzima na kuvionyesha. Waliofika vinne walikuwa asilimia 35.

Takwimu hiyo inastahili kutazamwa mara ya pili. Nusu ya walioweza kuisema sentensi hawakuweza kuitenda. Wafanyakazi wa afya wengi humaliza kwa kuuliza, "Umeelewa?" na mzazi hujibu, "Ndiyo." Yule aliyekariri naye atajibu ndiyo, na atakuwa anasema kweli kwa kadiri anavyojua.

Kutokana na tafiti za namna hiyo, wataalamu wa huko walianza kupendekeza lebo ziache "once" na "twice" na kutaja vipindi vya siku: meza viwili asubuhi, viwili jioni. Jimbo la California lilipitisha kanuni ya lebo zinazomlenga mgonjwa, ilianza kutumika mwaka 2011, na maelekezo sanifu yakatayarishwa pia kwa lugha nyingine tano, Kihispania kikiwemo. Ni wazo ambalo halihitaji mashine wala fedha nyingi. Linahitaji kalamu na sekunde 10 zaidi.

Huku kwetu tuna utaratibu wetu. Kwenye bahasha ya dawa huandikwa "kutwa mara 3", au kwa ufupi zaidi, 1x3. Tuanze na kutwa. Kutwa ni kuzama kwa jua; kuchwa hadi kucha ndio usiku. Mzazi anayelijua neno lake vizuri ana haki ya kuelewa kwamba dawa inaishia machweo: asubuhi, mchana, jioni, basi. Kwa baadhi ya dawa hilo halina madhara makubwa. Kwa nyingine, hasa za kuua bakteria zinazotakiwa kupishana saa 8, mtoto anakunywa dozi tatu kati ya saa 1 asubuhi na saa 12 jioni, kisha anakaa saa 13 bila kitu. Aliyeandika "kutwa" alikuwa na maana ya siku nzima ya saa 24. Aliyesoma ana Kiswahili fasaha zaidi.

1x3 ina mtego mwingine. Moja mara tatu hakuna anayekosea. Lakini 2x3? Kipi ni vidonge na kipi ni mara? Kwa hesabu ya darasa la pili, mbili mara tatu na tatu mara mbili jibu ni sita vilevile. Tumboni si vilevile. Vidonge vitatu kwa mkupuo mmoja, mara mbili, ni kitu kingine na viwili kwa mkupuo, mara tatu. Desturi ya watoa dawa ni kwamba namba ya kwanza ndiyo kiasi na ya pili ndiyo idadi ya nyakati, ila desturi hiyo wanaijua wao.

Halafu kuna "mara mbili" yenyewe. Kwa Kiswahili, mara mbili ni nyakati mbili, na pia ni maradufu. "Bei imepanda mara mbili" haina maana kwamba imepanda asubuhi na jioni. Kwa hiyo "mpe mara mbili" inaweza kusikika kama mpe dozi maradufu, hasa mzazi akiwa amekuja kulalamika kwamba dawa haifanyi kazi. Mtego huu huonekana pia pale dozi inaposahaulika. Asubuhi ilipita bila dawa, jioni mzazi anataka kufidia, anampa mara mbili. Kwa dawa nyingi za watoto ushauri ni kutoa iliyosahaulika mara tu ukikumbuka, au kuiacha kama muda wa inayofuata umekaribia, na kutokuzijumlisha.

Saa nazo tunazihesabu kwa namna yetu. Maelekezo ya Kiingereza ya kila saa 8, yakitafsiriwa harakaharaka, huwa "kila saa nane". Kwa Mswahili, saa nane ni alasiri baada ya chakula, au usiku wa manane. "Kila saa sita" inaweza kueleweka kuwa kila siku adhuhuri, mara moja, badala ya mara nne. Neno dogo "baada ya" huondoa utata wote: kila baada ya saa 8. Na bora zaidi ni kutaja zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku.

Dawa mseto ya malaria, ALu, ndiyo inayoonyesha vizuri gharama ya kielezi kisichojitosheleza. Maelezo ya mkato ni mara mbili kwa siku kwa siku 3, jumla dozi 6. Ni kweli, lakini yameficha jambo. Dozi ya pili inatakiwa saa 8 baada ya ya kwanza, kisha siku ya pili na ya tatu ndipo inapokuwa asubuhi na jioni. Tuseme mtoto amepimwa mchana, ameanza dawa saa 10 jioni. Mzazi aliyeambiwa "kutwa mara mbili" atasema ya jioni imeshaliwa, nyingine kesho asubuhi. Kumbe dozi ya pili ilikuwa saa 6 usiku, na mtoto aliamshwe, apewe kitu kama maziwa kidogo, ameze. Malaria haina habari na tafsiri ya "twice".

Wataalamu wenyewe hawajasalimika. Kwenye karatasi za daktari huandikwa vifupisho vya Kilatini: OD kwa mara moja kwa siku, BD kwa mbili, TDS kwa tatu. Kwa madaktari wa macho OD ni jicho la kulia. Marekani walitumia QD kwa kila siku na QID kwa mara nne kwa siku. Mwandiko ukivurugika kidogo, moja inakuwa nne. Mwaka 2004 chombo kinachotoa ithibati kwa hospitali za huko kiliiweka QD kwenye orodha ya vifupisho vilivyopigwa marufuku, na kuagiza neno liandikwe lote. Ikiwa watu waliosoma famasia kwa miaka wanapotezwa na herufi mbili, mzazi asione aibu kuuliza OD ni nini.

Mfano wa mwisho si wa mtoto. Ni wa bibi anayeishi na familia, mwenye ugonjwa wa viungo wa baridi yabisi. Moja ya dawa zake inaweza kuwa methotreksati, inayomezwa kwa dozi ndogo mara moja kwa wiki. Kwa wiki, si kwa siku. Karibu kila dawa nyingine ndani ya nyumba ni ya kila siku, na mkono umezoea. Sehemu mbalimbali duniani wagonjwa wamekufa kwa kuimeza kila siku, kwa sababu aliyeandika, aliyetoa au aliyemeza alisoma "once" na kulimalizia kwa mazoea. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilipendekeza hatua mpya, zikiwemo onyo linaloonekana kwenye pakiti na kadi ya kumkumbusha mgonjwa. Nyumbani njia nyepesi ni kuchagua siku na kuiandika kwenye boksi kwa kalamu ya wino mzito: JUMATATU. Na anayempa bibi dawa awe mmoja, asiwe kila aliyekuwepo.

Kwenye dirisha la dawa foleni huwa ndefu na mtoto analia mgongoni, na mtoa dawa anasema haraka kwa kuwa ameshasema hivyo tangu asubuhi. Hapo swali refu halifai. Lakini mzazi anaweza kutoa bahasha na kalamu pamoja, akasema, "Samahani dada, niandikie saa zenyewe na tarehe ya kumaliza." Akiambiwa ni mara moja, ana swali la pili lenye maneno machache: mara moja tu, au mara moja kila siku? Kisha, kabla ya kutoka kwenye foleni, amrudishie yeye maelezo kwa vitendo: hiki leo jioni, hiki kesho saa 1 asubuhi, hadi Alhamisi. Mtoa dawa akitikisa kichwa kukataa, kosa limekamatwa pale pale. Na wakifika nyumbani, yule wa darasa la sita akiitwa tena kusoma, asomeshwe mstari mzima hadi nukta.